Uzito upo, utamu haupo: Mbegu na umri wa muwa vinavyoamua sukari ya Afrika Mashariki

Na Mwandishi wa Masuala ya Kanda

Julai 2025, Bodi ya Sukari ya Kenya iliamuru viwanda vya magharibi mwa nchi hiyo visimamishe kusaga miwa kwa miezi mitatu. Mitambo haikuwa imeharibika na wafanyakazi hawakuwa wamegoma. Sababu iliyotolewa ni kwamba miwa iliyokomaa ilikuwa imekwisha, na viwanda vilikuwa vikigombania miwa michanga.

Haikuwa mara ya kwanza. Julai 2023, mamlaka ya kilimo ya nchi hiyo ilitoa amri ya namna hiyo hiyo, na viwanda vikafungwa kwa takribani miezi minne. Mwaka huo Kenya ilizalisha tani zisizozidi sana 470,000 za sukari. Mwaka uliofuata, baada ya miwa kuachwa ikomae na mvua kunyesha vizuri, uzalishaji ulivuka tani 800,000. Halafu pupa ikarudi, na mwaka 2025 amri ikatolewa tena.

Takwimu hizo zinaeleza jambo ambalo wakulima wa Bungoma, Kakamega na Busia wanalijua, na ambalo wenzao wa Busoga, Kilombero na bonde la Nyabarongo pia wanalifahamu. Sukari haitengenezwi kiwandani. Hutengenezwa shambani, ndani ya muwa, kwa miezi mingi. Kiwanda kazi yake ni kuitoa tu. Kama haikuwekwa, hakuna mtambo wa kuiongeza.

Kinachoamua sukari hiyo iwe kiasi gani ni mambo machache: aina ya mbegu, afya ya mbegu hiyo, matunzo ya shamba, umri wa muwa siku ya kukatwa, na muda unaopita kati ya panga na kinu. Makala haya yanayapitia moja baada ya jingine, kwa sababu nchi zetu zinapoelekea kwenye soko moja, mkulima anayeshindwa katika mambo hayo hatashindana na jirani yake tu. Atashindana na sukari kutoka Misri, Mauritius, Eswatini na Zambia.

Muwa hujaza utamu kuanzia chini

Ukikata muwa mchanga ukatafuna pingili ya chini, utaona ina utamu. Panda juu pingili kwa pingili, na utamu unapungua hadi karibu na majani, ambako unabaki na maji tu. Muwa uliokomaa hauko hivyo. Utamu wa juu unakaribia ule wa chini.

Sababu yake ni kwamba mmea unaokua kwa kasi hutumia sukari yake kujijenga: kurefusha shina, kutoa majani, kusukuma mizizi. Ukuaji unapopungua, hasa udongo unapokauka au usiku unapokuwa na baridi, sukari inayotengenezwa na majani haina tena pa kutumika. Hapo ndipo inapojaza pingili, kuanzia chini kwenda juu.

Ndiyo maana mabwana shamba hupima utamu kwa kifaa kidogo cha mkononi, tone moja la maji ya muwa kutoka chini na jingine kutoka juu. Vipimo viwili vikikaribiana, muwa umekomaa. Vikiwa mbali, bado. Kipimo hicho hakihitaji maabara, na chama cha wakulima kinaweza kumiliki kifaa kimoja kikawahudumia wanachama wake wote.

Muwa uliokatwa mapema una hasara mbili. Sukari yake ni kidogo, na maji yake yana glukosi na fruktosi nyingi, ambazo huzuia sukari kuganda kiwandani. Sehemu ya sukari iliyokuwepo huishia kwenye molasi. Kiwanda kinachohitaji tani 9 au 10 za miwa mizuri kupata tani moja ya sukari kinajikuta kinasaga tani 12 au zaidi.

Mbegu za zamani, kalenda ya zamani

Mkulima wa Afrika Mashariki huzitaja mbegu zake kwa herufi na namba: CO 421, CO 617, CO 945, N14, NCo 376. Herufi hizo ni historia ya safari. "CO" ni Coimbatore, mji wa kusini mwa India ambako kituo cha kuzalisha mbegu za miwa kilianzishwa mwaka 1912. Watafiti wake walichanganya miwa minene yenye utamu na miwa ya mwituni, myembamba lakini migumu, wakapata aina zilizovumilia magonjwa na ukame. "N" ni Natal, Afrika Kusini. NCo 376 ni mtoto wa pande zote mbili: ilichavushwa India, ikachaguliwa Natal.

Mbegu hizo zilifanya kazi kubwa. CO 421 ilitawala mashamba ya Kenya kwa miongo mingi kwa sababu ilivumilia udongo dhaifu na kutoa uzito. Lakini ina sharti lake. Huhitaji miezi 18 hadi 24 ili ikomae. Kwa mkulima mwenye ekari moja na watoto watatu shuleni, miezi 24 ni mihula sita ya karo bila hata senti moja kutoka shambani.

Watafiti wa miwa wa Kenya, ambao sasa wako chini ya KALRO na kituo chao kikuu kiko Kibos karibu na Kisumu, walitoa aina mpya zenye majina ya EAK na KEN. Baadhi yake, kama KEN 83-737, pamoja na D 8484 iliyotoka Guyana, hukomaa katika takribani miezi 14 hadi 18 kutegemea eneo.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri ukipiga hesabu. Tuchukue mfano wa mkulima wa mbegu ya zamani anayevuna zao la kwanza baada ya miezi 24, kisha machipukizi mara mbili kila baada ya miezi 20. Kwa miezi 64 amevuna mara tatu. Jirani yake ana mbegu ya kukomaa mapema: zao la kwanza miezi 15, machipukizi kila baada ya miezi 13. Kwa miezi 54 amevuna mara nne. Hata kama kila mavuno ya huyu wa pili yana uzito mdogo kidogo, ardhi yake imelipa mara nyingi zaidi, na pesa zimeingia nyumbani wakati zinahitajika.

Lakini mbegu ya kukomaa mapema nayo ina masharti. Ikiachwa shambani kupita wakati wake, utamu huanza kushuka. Baadhi ya miwa hutoa maua, na shina hugeuka sifongo kavu katikati. Kwa hiyo mkulima anayepanda mbegu mpya halafu akasubiri kiwanda kilichozoea kalenda ya miezi 24 anaweza kupata hasara kubwa kuliko aliyebaki na CO 421. Mbegu mpya inahitaji kiwanda chenye kalenda mpya.

Tatizo jingine ni kuzichanganya. Mashamba mengi ya wakulima wadogo yana aina mbili au tatu katika mstari mmoja, kwa sababu mbegu iliombwa kwa jirani kidogo kidogo. Shamba kama hilo halina siku moja sahihi ya kuvunwa. Ukikata kwa kalenda ya aina moja, nyingine ni changa au imepita.

Ugonjwa usioonekana kwa macho

Muwa haupandwi kwa punje. Hupandwa kwa vipande vya shina vyenye macho mawili au matatu. Hilo ni jepesi kwa mkulima, na ni jepesi pia kwa magonjwa. Kila kilichokuwa ndani ya shina mama kinahamia shamba jipya.

Ugonjwa mmoja unaojulikana kwa macho ni ule unaotoa mjeledi mweusi juu ya muwa, uliojaa unga kama masizi. Upepo huupeperusha unga huo hadi mashamba ya mbali. NCo 376 ni miongoni mwa aina zinazoshambuliwa nao kwa urahisi. Dawa yake ni kung'oa shina zima na kulitoa shambani kabla unga haujatawanyika, na kupanda aina zinazoustahimili.

Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Ni bakteria wanaodumaza machipukizi. Muwa unabaki wa kijani, majani yake ni mazima, ila kila mavuno yanakuwa mepesi kuliko yaliyotangulia. Mkulima hulaumu udongo au mvua. Bakteria hao husambazwa na panga, kutoka shina hadi shina na shamba hadi shamba, kila kikundi cha wakataji kinapohama.

Tiba yake inajulikana. Vipande vya mbegu huzamishwa katika maji ya moto ya nyuzijoto 50 kwa saa mbili, kisha hupandwa katika vitalu maalumu, na kutoka hapo mbegu safi hugawiwa wakulima. Mashamba makubwa ya kampuni hufanya hivyo. Mkulima mdogo mara nyingi hukata mbegu kutoka machipukizi ya tatu au ya nne ya jirani yake, miwa iliyozeeka, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na ndiyo ya bure. Mbegu nzuri hutoka kwenye muwa mchanga wenye afya, wa miezi minane hadi kumi na miwili, uliolimwa kwa ajili ya mbegu. Na panga la kuikatia lioshwe kwa dawa kabla ya kuingia shamba jingine.

Kuna funzo hapa kwa wanaovusha mbegu mipakani kwenye mabegi ya pikipiki. Mpaka wa Busia au Mutukula haumzuii bakteria. Nchi zetu zina vituo vya karantini kwa kazi hiyo, na kile cha Muguga, Kenya, kimepokea mimea ya kigeni kwa miaka mingi ili ichunguzwe kabla ya kuruhusiwa kupandwa. Kuikwepa njia hiyo kwa ajili ya mzigo mmoja wa mbegu kunaweza kuwagharimu wakulima wa wilaya nzima.

Mbolea ikiwa nyingi, sukari hupungua

Magharibi mwa Kenya, mavuno ya miaka ya 1980 yaliweza kukaribia tani 100 kwa hekta. Leo mkulima wa kawaida anapata karibu tani 60 au pungufu. Kusini mwa mji wa Moshi, Tanzania, mashamba ya TPC hupata zaidi ya tani 120 kwa hekta na huhesabiwa miongoni mwa yenye mavuno makubwa duniani.

Ulinganisho huo si wa haki kabisa. TPC humwagilia, ina jua jingi, na hulima kwa mashine ardhi yake yenyewe. Mkulima wa Mumias hutegemea mvua. Hata hivyo, pengo hilo halielezwi na maji peke yake.

Udongo wa magharibi mwa Kenya umechoka. Muwa umelimwa juu ya muwa kwa miaka 40 au 50 bila kupumzishwa, na mbolea za DAP na urea zilizotumika mwaka baada ya mwaka zimeuongezea tindikali. Katika udongo wenye tindikali, fosforasi hufungwa na mizizi haiipati, hata mkulima akiimwaga kwa magunia. Chokaa ya kilimo hurekebisha hali hiyo, na kupanda maharage au soya kati ya zao moja la muwa na jingine huurudishia udongo uhai. Kupima udongo kabla ya kununua mbolea huokoa pesa.

Nitrojeni ina tabia mbili. Mapema, inajenga muwa. Ikichelewa au ikizidi, inaendelea kuusukuma mmea ukue wakati ambapo ungepaswa kutulia na kujaza sukari. Shamba linakuwa la kijani kibichi linalopendeza barabarani, mizani inasoma vizuri, lakini utamu ni hafifu. Kanuni ya kawaida ni kumaliza kuweka nitrojeni katika miezi ya mwanzo ya zao, si muwa ukiwa umefunga shamba. Potasiamu, ambayo husaidia kusafirisha sukari kutoka majani kwenda shinani, ndiyo wakulima wengi huisahau.

Magugu huumiza zaidi katika miezi mitatu au minne ya kwanza, kabla majani ya miwa hayajafunika nafasi kati ya mistari. Palizi iliyochelewa wakati huo hailipwi na palizi ya baadaye.

Na machipukizi yana kikomo. Kuvuna shina lile lile mara tatu au nne ni sawa kama shamba limetunzwa, mapengo yamejazwa na mbolea imewekwa. Kuvuna mara saba kwa sababu hakuna pesa ya kulima upya ni kulipa kwa njia nyingine, kidogo kidogo, kila msimu.

Saa 48 baada ya panga

Muwa ukishakatwa huanza kula sukari yake. Ndani ya saa chache vimeng'enya vya mmea wenyewe huanza kuivunja. Bakteria huingia kwenye majeraha. Joto huharakisha, na miwa iliyochomwa moto kabla ya kukatwa huharibika haraka zaidi. Kiwanda kizuri hujitahidi kuisaga ndani ya saa 24 hadi 48.

Sasa fikiria trekta lililokwama kwenye barabara ya shamba wakati wa masika, au foleni ya matrela nje ya geti la kiwanda kwa siku nne. Sukari inayopotea hapo haikupotezwa na mkulima, lakini kwa mfumo wa malipo wa sehemu nyingi, hasara inamfikia yeye pia, kwa sababu muwa uliokaa hukauka na kupungua uzito.

Namna ya kukata nayo ina thamani. Sukari nyingi zaidi iko chini, kwa hiyo muwa ukatwe usawa wa ardhi. Ukiacha kisiki cha sentimita kumi, umeacha sehemu tamu kuliko zote na kuyapa machipukizi mwanzo mbaya. Juu, kilele kiondolewe, kwa sababu kina maji na uchafu unaopunguza ubora wa mzigo mzima.

Tanzania ilionja ukali wa hali ya hewa katika msimu wa 2023/24. Mvua za El Niño zilinyesha wakati viwanda vilipaswa kuwa vinasaga. Mashamba yalijaa maji, magari hayakuingia, na miwa iliyopaswa kutulia ikaendelea kukua na utamu wake kushuka. Uzalishaji ukasimama, na mapema mwaka 2024 bei ya kilo moja ikavuka shilingi 4,000 katika maeneo mengi licha ya serikali kutangaza bei elekezi. Mama muuza chai wa Mbeya, aliyekuwa hajawahi kuliona shamba la miwa, alilipa gharama ya muwa uliolowa Kilombero.

Rwanda nayo inalijua tatizo hilo. Miwa ya kiwanda cha Kabuye, Kigali, hulimwa katika mabonde ya Nyabarongo na Akanyaru, na mafuriko yakiingia mizizi hukosa hewa. Kwa mashamba kama hayo, mifereji ya kutoa maji na mbegu inayovumilia unyevu ni muhimu kuliko mbolea.

Unalipwa kwa uzito au kwa utamu?

Tuje kwenye swali linalowagawa wakulima na viwanda. Kama mambo haya yote yanajulikana, kwa nini miwa michanga inaendelea kukatwa?

Jibu liko mizanini. Chukua wakulima wawili, kila mmoja kapeleka tani 60 kutoka hekta moja. Wa kwanza alikata mapema, na kiwanda kikapata sukari asilimia 8 ya uzito wa miwa, yaani tani 4.8. Wa pili alisubiri, akapata asilimia 11, yaani tani 6.6. Tofauti ni tani 1.8, sawa na magunia 36 ya kilo 50. Wakilipwa kwa uzito, wote wawili wanapokea pesa sawa. Aliyesubiri hakupata chochote kwa subira yake. Tena amebeba hatari ya moto na wizi kwa miezi ya ziada.

Kilombero, wakulima wadogo hulipwa kwa kuzingatia uzito pamoja na utamu wa miwa. Kenya imezungumza kuhusu kulipa kwa utamu kwa takribani miaka 20. Lilikuwa miongoni mwa masharti ya COMESA ilipoiruhusu nchi hiyo kuzuia sukari ya bei nafuu. Sheria ya Sukari ya mwaka 2024, iliyoirudisha Bodi ya Sukari, imelipa suala hilo msukumo mpya. Utekelezaji ndio bado mgumu.

Ugumu wenyewe si wa mashine. Ni wa kuaminiana. Wakulima ambao tayari wana shaka na mizani ya kiwanda wataamini vipi kipimo cha utamu kinachosomwa ndani ya maabara ya kiwanda hicho hicho? Na muwa uliokaa siku nne kwenye foleni upimwe utamu wa siku gani? Malipo ya utamu bila mpimaji huru, bila mwakilishi wa wakulima kwenye maabara, na bila kikomo cha muda wa kusafirisha, yatamhamishia mkulima makosa ya kiwanda.

Kuna na chanzo cha ndani zaidi. Zamani, kampuni kama Mumias ilimlimia mkulima, ikampa mbegu na mbolea kwa mkopo, kisha ikakata deni siku ya malipo. Viwanda vilipoongezeka karibu karibu, madalali walianza kununua miwa iliyogharamiwa na kiwanda kingine. Aliyekopesha akapoteza pesa yake, akaacha kukopesha. Mkulima akabaki na mbegu ya jirani, bila mbolea, na deni la malipo ya miwa ya zamani ambayo hakulipwa. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Mtu aliyepitia hayo hasubiri miezi 18. Dalali akija na pesa mkononi muwa ukiwa na miezi 11, anauza.

Busoga, Uganda, hali haina tofauti kubwa. Viwanda viliongezeka, bei ikapanda, wakulima wakapanda miwa hadi mlangoni. Bei ilipoporomoka, miwa ikakosa mnunuzi, na mingine ikavushwa mpaka kwenda viwanda vya Kenya. Familia zilizokuwa zimebadili mashamba ya mahindi na viazi kuwa miwa zilijikuta zinanunua chakula.

Jirani anayelima sukari ya kiazi

Misri ni mwanachama wa COMESA, na sukari yake inaweza kuingia katika soko la nchi wanachama. Kwa karne nyingi ilitegemea miwa ya kusini mwa nchi. Mwaka 1982 ikaanza kutengeneza sukari ya viazisukari katika Delta ya mto Nile, na leo zao hilo linaipatia sukari nyingi kuliko miwa.

Kiazisukari hukomaa kwa takribani miezi sita au saba na hutumia maji kidogo kuliko muwa unaokaa shambani mwaka mzima. Lakini kanuni zake ni zile zile. Nitrojeni ikizidi, kiazi kinanenepa na sukari inapungua, na mabaki ya nitrojeni ndani yake, pamoja na sodiamu na potasiamu, huzuia sukari kuganda. Kikivunwa mapema, hakijajaza. Kikikaa juani baada ya kung'olewa, kinapoteza. Na aina ya mbegu huamua kama mkulima atapata uzito au utamu, kwa sababu ni vigumu kupata vyote viwili kwa ukubwa.

Tofauti ni kwamba katika nchi nyingi za kiazisukari, kuanzia Ulaya, kila mzigo hupimwa utamu getini. Bei hutangazwa kwa kiwango fulani, mara nyingi asilimia 16 ya sukari, na hupanda au kushuka kutoka hapo. Mkulima akichagua mbegu, anajua atalipwa kwa nini. Hakuna anayemhubiria asubiri. Karatasi ya malipo inamwambia.

Hatuhitaji kulima viazisukari kwenye mabonde yetu ya joto ili kujifunza hilo.

Soko moja, mashamba yasiyo sawa

Jumuiya ya Afrika Mashariki hulinda sukari yake kwa ushuru wa asilimia 100 au dola 460 kwa tani, chochote kilicho kikubwa, kwa sukari inayotoka nje ya kanda. Kenya ilipata pia kinga ya COMESA tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaongezewa muda mara kadhaa, na mwisho wake ukawekwa Novemba 2025. Mei mwaka huo huo serikali ilivikodisha viwanda vyake vinne, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa kampuni binafsi kwa miaka 30.

Ndani ya Jumuiya yenyewe, sukari imekuwa chanzo cha ugomvi. Uganda imelalamika mara kwa mara kwamba sukari yake inazuiwa na majirani, nao majirani wamehoji kama yote imetoka Uganda kweli. Ushuru unaweza kununua muda. Hauwezi kuongeza utamu kwenye muwa uliokatwa miezi 11.

Muda huo utumike kwa nini? Kwanza, mbegu. Kibos, Kenya, na kituo cha TARI Kibaha, Tanzania, vinafanya kazi ile ile juu ya zao lile lile, katika maeneo yanayofanana. Aina iliyothibitishwa upande mmoja wa Ziwa Victoria isichukue miaka kumi kujaribiwa upya upande wa pili. Burundi yenye kiwanda cha SOSUMO huko Moso, na Kongo yenye mashamba ya Kiliba kwenye bonde la Ruzizi, hazina uwezo wa kuanzisha utafiti kamili kila moja peke yake. Zikipata mbegu safi kutoka vitalu vya pamoja vilivyopita karantini, zitaokoa miaka mingi.

Pili, kalenda ya kuvuna iliyo wazi: shamba limepandwa lini, aina gani, litakatwa lini. Orodha hiyo ikibandikwa kwenye ofisi ya chama cha wakulima, dalali na kiwanda wote wanaonekana wanapoiruka.

Tatu, kipimo huru cha utamu na malipo ya haraka. Mkulima anayelipwa kwa wakati anaweza kusubiri muwa ukomae. Asiyelipwa hawezi, hata akihudhuria semina kumi.

Kwa mkulima mmoja mmoja, yapo yasiyosubiri serikali: kutenga kipande kidogo cha kitalu cha mbegu safi, kupanda aina moja katika shamba moja, kuandika tarehe ya kupanda, kupalilia mapema, kumaliza nitrojeni mapema, na kukata usawa wa ardhi. Wakulima kumi wakichanga, wanaweza kununua kifaa cha kupima utamu na kujua, kabla ya trela kufika, kama muwa wao uko tayari.

Amri ya kufunga viwanda huupa muwa miezi mitatu ya kukua. Msimu ujao, kama malipo yataendelea kutofautisha tani na tani bila kutofautisha utamu na utamu, viwanda vitarudi kugombania miwa michanga, na amri nyingine itaandikwa.